Rafu ya Mzee: Kwa nini Mhindi wa sinema lazima aanguke kwenye farasi?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kwamba wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wale tuliowazoea kwenye picha za kauboi, wana riwaya zao, na kwamba riwaya hizo zinawacheka hao kauboi vizuri sana. Barua zimemiminika. Nyingine ni ndefu kuliko ukurasa niliopewa, hivyo nimezikata. Mnisamehe.

Shikamoo Mzee wa Rafu. Nimezaliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini, na picha za kauboi nimeziona mpaka nikazikinai. Wahindi Wekundu wanatokea kilimani, wanapiga mayowe, steringi analenga, wanaanguka mmoja mmoja. Sasa unasema kuna vitabu vyao. Nianze na kipi, na humo ndani wanafanya nini kama hawapigi mayowe? (Fundi viatu, Tabora)

Marahaba, fundi. Wanafanya yote mnayoyafanya hapo Tabora. Wanakwenda kazini, wanakopa, wanagombea vyeo, wanafumaniwa. Mayowe hayamo.

Anza na *Love Medicine* ya Louise Erdrich, iliyotoka 1984. Mwandishi ni Mwojibwe wa Turtle Mountain, North Dakota, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Humo kuna kijana anaitwa Nector Kashpaw, ametoka shule ya bweni ya serikali, sura nzuri, kifua kipana, na watu wa sinema wanamwona wanamtaka. Wanampa nafasi kubwa kuliko Mhindi mwingine yeyote katika picha ile. Kazi yenyewe ni kushika kifua na kuanguka kutoka juu ya farasi. Imeisha. Nector anaachana nao, anakwenda Kansas kutafuta vibarua kwenye mashamba ya ngano, na huko anakutana na bibi mmoja mchoraji anayemlipa dola 200 asimame achorwe. Picha inapokamilika anajiona yuko hewani, anajirusha kutoka gengeni kwenda kufia kwenye mawe ya mtoni. Hapo anapiga hesabu yake mwenyewe: Mhindi anayewavutia Wazungu ni yule aliyekwisha kufa, au anayekufa kwa kuanguka kinyumenyume kutoka kwenye farasi. Kisha anaamua kuwa yeye akifika kwenye maji yale atabana pumzi na kuuacha mkondo umpandishe juu.

Ukurasa ule mimi niliusoma kwa jicho la kazi, maana ujana wangu nilikuwa natafsiri picha kwenye kibanda cha video pale Tanga. Deki juu ya kreti la soda, jenereta nje, maikrofoni mkononi, watoto wamebanana kwenye mabenchi. Steringi nilimpa maneno ya kumtosha na utani wa mjini juu yake. Mpenzi wa steringi nilimtolea sauti nyembamba. Chifu wa Wahindi alikuwa na sentensi mbili mkanda mzima, tena za kukatikakatika, na watu wake wote hawakuwa na hata moja. Ukiuliza yule wa tatu kutoka kushoto, aliyeanguka kwenye vumbi, alikuwa na mke au hakuwa naye, benchi zima lingekucheka. Erdrich kamchukua huyohuyo wa tatu kutoka kushoto, kamfuata mpaka nyumbani kwake.

Na nyumbani kuna mambo. Nector anakuja kuwa mwenyekiti wa kabila. Siku moja ya joto kali, mwezi Julai 1952, inaletwa siagi ya ziada ya serikali, tani 17, ya kugawia watu wote wa rizavu, yaani ardhi iliyotengewa kabila, na jua liko utosini. Siagi haisubiri kikao. Mwenyekiti anahangaika na mwisho anaangukia kwa Lulu, mpenzi wake wa zamani, kwa sababu Lulu ana gari lenye kiyoyozi. Wawili hao wanazunguka nyumba kwa nyumba na maboksi ya siagi. Yanayofuata usiku soma mwenyewe, mimi ni mtu mzima. Ila nitajie picha moja ya kauboi ambamo chifu anasumbuliwa na siagi.

Kitabu cha pili ni *Green Grass, Running Water* cha Thomas King, cha 1993. (Huyu King tutarudi kwake mwisho, kuna jambo.) Tuko Blossom, kijimji cha Alberta huko Kanada. Lionel ni Mblackfoot, anakaribia miaka 40, na anauza runinga kwenye duka la Mzungu mmoja aitwaye Bursum. Alipokuwa mtoto alitaka akikua awe John Wayne, steringi mkuu wa picha za kauboi. Bosi wake ana ukuta mzima wa runinga zilizopangwa kwa umbo la ramani ya Kanada na Marekani, na ana picha moja ya kauboi anayoihusudu kuliko zote. Anaiweka. John Wayne na Richard Widmark wamezingirwa mtoni, na kila aliyemo dukani anajua kwamba sasa hivi jeshi la farasi litatokea kuwaokoa. Kweli linatokea. Halafu linatoweka. Mle dukani wameingia wazee wanne wa Kihindi ambao kazi yao ni kurekebisha mambo ya dunia, na wamekwisha kuurekebisha ule mkanda. Wahindi wanazidi kuja, na Wayne anapigwa risasi. Bosi anabonyeza rimoti wee, wapi! Pembeni yuko Charlie, wakili, ambaye chifu wa kwenye picha ile ni baba yake mzazi. Huyo baba ndiye aliyewahi kulazimishwa na watu wa Hollywood kuvaa pua ya mpira, kwa kuwa pua aliyozaliwa nayo haikuwa ya Kihindi vya kutosha. Charlie anamwona baba yake akishinda, na anashangilia peke yake.

Neno moja la tahadhari, fundi. Usiingie kwenye vitabu hivi ukitafuta Mhindi mwema wa kumfuta yule mbaya. Yule mzee mtakatifu wa sinema, mwenye manyoya kichwani, anayezungumza na upepo na hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba, ni ndugu wa yule wa mayowe, baba mmoja mama mmoja. Waandishi wenyewe wanamchoka huyu mwema kuliko hata yule mbaya. Kuna filamu ya 1998, *Smoke Signals*, iliyoongozwa na Chris Eyre, Mcheyenne na Mwarapaho, juu ya vijana wawili wa Coeur d'Alene, Idaho, wanaosafiri kwa basi kwenda Arizona kuchukua majivu ya marehemu baba wa mmoja wao. Ndani ya basi Victor anamfunza Thomas kukunja uso, aonekane kama shujaa aliyetoka sasa hivi kuua nyati. Thomas anamjibu kwa upole kwamba kabila lao halikuwinda nyati kamwe, wao walikuwa wavuvi. Victor anamkaripia: kwani anataka aonekane ametoka kuvua samaki? Thomas anaukunja uso wake. Kufumba na kufumbua Wazungu wawili wamekalia viti vyao na hawanyanyuki, na ule uso wa shujaa haujawasaidia kitu. Wanahamia nyuma ya basi, na huko wanatunga wimbo kuhusu meno ya John Wayne.

Salaam Mzee. Kijiweni kwetu kuna mwenzangu anashikilia kwamba wale wa kwenye picha walikuwa Wahindi halisi, maana lugha wanayosema si Kizungu. Mimi nabisha. Tuamue, kuna soda. (Dereva wa matatu, Mombasa)

Kila mmoja alipe nusu soda.

Wenye majina walikuwa wageni. Chifu Scar katika *The Searchers* ya 1956, adui mkuu wa John Wayne, ni Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin. Katika *Cheyenne Autumn* ya 1964, ambayo mwongozaji John Ford aliitengeneza ili safari hii Wahindi watendewe haki, Wacheyenne wakubwa wamechezwa na Wamexico watatu na kijana wa New York mwenye asili ya Kiitaliano.

Waliosimama nyuma yao ndio waliokuwa wenyewe. Tangu *Stagecoach* ya 1939 Ford alipenda kupigia picha Monument Valley, kwenye ardhi ya Wanavajo, na watu wa kujaza picha aliwapata hapohapo. Kwa hiyo Wanavajo wakacheza Waapache, wakacheza Wacomanche, wakacheza Wacheyenne, yeyote aliyetakiwa kufa wiki hiyo. Na hiyo lugha anayoisikia mwenzako mara nyingi ni Kinavajo, kabila lolote liwalo kwenye hadithi. Hakuna fundi mitambo wala mwongozaji aliyekuwa akiielewa. Nadhani unaona tunakoelekea. Imesimuliwa sana, na wameieleza kwenye filamu ya kumbukumbu *Reel Injun* ya 2009, jinsi wale wazee walivyoambiwa waseme chochote kwa sauti nzito, nao wakasema chochote kweli: mizaha, matusi, maneno ya kumkejeli huyo ofisa wa jeshi aliyesimama mbele yao na uso wa huzuni. Picha zilipoonyeshwa kwa Wanavajo, ukumbi ulikuwa ukiangua kicheko mahali ambapo Wazungu wanatoa leso.

Katika kazi yangu ya maikrofoni sijasikia kitu kilichonifurahisha kama hicho. Na wamesonga mbele zaidi. Mwaka 2013 Wanavajo waliitia *Star Wars* sauti za Kinavajo, na 2021 wakafanya hivyohivyo kwa *A Fistful of Dollars*, ile ya Clint Eastwood, picha ya kauboi iliyotengenezwa na Waitaliano. Sasa steringi mwenyewe anaongea lugha yao.

Mwambie mwenzako pia habari za Iron Eyes Cody. Ni yule Mhindi aliyetoa chozi kwenye tangazo la Marekani la kupinga uchafuzi wa mazingira mwaka 1971. Alizaliwa Louisiana na wazazi wahamiaji kutoka Italia, jina lake Espera de Corti. Gazeti likamwanika mwaka 1996, naye akaendelea kukana mpaka alipofariki 1999. Na upande wa pili yupo Jay Silverheels, aliyecheza Tonto, Mhindi msaidizi wa steringi katika *The Lone Ranger*, kwenye runinga kuanzia 1949 hadi 1957. Huyo alikuwa Mmohawk kindakindaki wa Six Nations, Ontario, alizungumza Kiingereza safi, na analipwa kukivunjavunja mbele ya kamera. Baadaye alianzisha warsha ya kufundisha waigizaji wa Kihindi huko Los Angeles. Nikipewa kuchagua mmoja wa kuandikiwa riwaya, ni huyu.

Mzee, ukurasa huu ni wa vitabu vyetu. Hao Wahindi wa Marekani wanatuhusu nini? Rudi kwa Shaaban Robert. (Mstaafu, Morogoro)

Shaaban Robert ni Mtanga mwenzangu, kumpenda sikuanza jana, na wala hajashuka rafuni. Lakini picha hizo hazikubaki kwao. Kinshasa ya miaka ya 1950, ikiitwa bado Léopoldville, ilikuwa na vijana waliojiita Bill, jina walilolitoa kwa Buffalo Bill, wakivaa kama kauboi na kugawana mitaa. Hapa kwetu watoto wakitoka kibandani walirudia vita vizima kwa vijiti, na wa kuwa Mhindi alikuwa mdogo kuliko wote au aliyekuja amechelewa. Ikiwa tulimshangilia yule mwenye bunduki kwa pesa zetu, nafikiri tunaweza kutumia ukurasa mmoja kumsikiliza na aliyelengwa. Toleo lijalo ni zamu ya washairi wa Pemba, usikate tamaa.

Mzee wangu, sina muda wa kusoma, nina bando tu. Nitazame nini? (Bodaboda, Mwanza)

*Reservation Dogs*, tamthilia ya runinga ya 2021 hadi 2023, iliyoanzishwa na Sterlin Harjo, Mseminole na Mmuscogee wa Oklahoma, pamoja na Taika Waititi, Mmaori wa New Zealand. Vijana wanne wa mji mdogo wanaiba lori la vitafunio ili wapate nauli ya kwenda California. Mmoja wao hutokewa na mzimu wa shujaa juu ya farasi, kifua wazi, rangi usoni, ile sura uijuayo kabisa. Mzimu unajitamba kwamba ulikuwepo kwenye vita vya Little Bighorn vya 1876, Wahindi walipolishinda jeshi la Marekani. Ukibanwa, unakiri kwamba haukufika kupigana. Farasi alikanyaga shimo la mnyama fulani mdogo, akaanguka, akamlalia.

Heshima yako Mzee. Mhadhiri wetu ametuambia fasihi ya wenyeji wa Amerika ilianza N. Scott Momaday alipopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1969. Ina maana kabla ya hapo hakuna aliyelalamikia namna wanavyochorwa? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

Mhadhiri wako ana sababu ya kuanzia hapo. *House Made of Dawn* ya Momaday, Mkiowa, ndiyo iliyowafumbua macho wachapishaji, na baada yake wakaja Silko, Welch, Erdrich na wengineo. Lakini malalamiko ni ya kale kuliko sinema yenyewe.

Tafuta makala ya E. Pauline Johnson ya mwaka 1892. Ilitoka katika gazeti la Toronto. Mama huyu alikuwa Mmohawk kwa baba na Mwingereza kwa mama, mshairi aliyezunguka Kanada nzima akisoma mashairi jukwaani. Aliwasoma waandishi wa zama zake, akawatolea uvivu. Alitaka kujua kwa nini binti wa Kihindi katika riwaya zote ni yuleyule. Jina lake karibu kila mara ni Winona. Hana jina la ukoo. Kabila lake halitajwi, kana kwamba Wahindi wote ni kabila moja. Baba yake ni chifu. Anampenda Mzungu, anawasaliti watu wake kwa ajili ya huyo Mzungu, Mzungu hamtaki, naye anajiua. Johnson anawaomba waandishi wamwandike binti wa Kihindi aliyechangamka, wa kabila linalojulikana, anayependwa na mtu, na anayefika ukurasa wa mwisho akiwa hai.

Miaka 22 baadaye, 1914, inatengenezwa *The Squaw Man*, moja ya filamu ndefu za mwanzo kabisa kupigwa Hollywood. Binti wa chifu anampenda Mzungu na anajiua. Aliyeicheza nafasi hiyo alikuwa mwenyeji kweli, Lillian St. Cyr, Mho-Chunk wa Nebraska, aliyejulikana jukwaani kama Red Wing. Cecil B. DeMille aliipenda hadithi hiyo akaitengeneza tena 1918 na tena 1931. Binti akajiua mara tatu.

Katikati ya hapo, 1927, kikatoka kitabu ambacho ningekuwa wewe ningeandikia tasnifu: *Cogewea, the Half-Blood*. Mwandishi alitumia jina la Mourning Dove, Mwokanogan wa jimbo la Washington. Maisha yake yalikuwa ya kuhama na misimu ya mavuno, kuchuma tufaha na mimea ya kutengenezea bia, na usiku, akiwa ndani ya hema, anapiga taipureta. Alichokiandika ni hadithi ya kauboi! Ranchi iko Montana, kuna farasi, kuna wachunga ng'ombe wenye utani mkali. Ila amegeuza viti vyote. Steringi ni kauboi chotara, Jim. Adui ni Mzungu mtanashati kutoka mashariki anayemnyemelea Cogewea kwa sababu anadhani ana mali. Akigundua mali yenyewe ni kidogo, anamnyang'anya hicho kidogo na kumfunga kwenye mti.

Kuna sura moja ya mashindano ya farasi siku ya Julai 4 ambayo inaweza kubeba kitabu kizima. Kuna mbio za mabibi na kuna mbio za wanawake wa Kihindi. Cogewea, chotara, anaingia zote mbili na anashinda zote mbili. Kwenye zile za kwanza ananyimwa zawadi kwa sababu ni Mhindi. Kwenye zile za pili anawekewa pingamizi kwa sababu si Mhindi. Zawadi zote mbili zimekwenda, na farasi wake bado anahema. Katika mahojiano, semina na makongamano ya utambulisho niliyolazimika kuyasikiliza, sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo.

Usiruke historia ya kitabu chenyewe lakini. Mhariri wake Mzungu, Lucullus McWhorter, alikuwa rafiki wa kweli na ndiye aliyehangaika kichapishwe. Ila aliingiza mahubiri yake na Kiingereza cha mbwembwe, mpaka mwandishi alipokisoma kimechapwa akamwandikia kwamba anaona kama ni kitabu cha mtu mwingine. Utajifunza kusikia sauti mbili kwenye ukurasa mmoja. Ile inayotania ni ya mama.

Ukipata nafasi ongeza *Fools Crow* ya James Welch, ya 1986. Ile inakaa ndani ya kambi ya Wablackfeet wa Montana kuelekea mauaji ya Mto Marias ya tarehe 23 Januari 1870, jeshi la Marekani lilipoivamia kambi yao, na Wazungu ndio wanaoonekana kwa mbali, wakitokea kilimani.

Mzee Shikamoo. Naishi Minneapolis na familia. Binti yangu wa miaka tisa amepewa shuleni "Little House on the Prairie", na jirani yetu ambaye ni Mwojibwe akaguna alipokiona. Sikupenda kumuuliza. Kuna nini, na nimpe mtoto kipi kingine? (Mama wa watoto watatu, Minnesota)

Marahaba mwanangu. Kitabu hicho cha 1935 ni cha familia ya walowezi huko Kansas, kimeandikwa kwa ufundi mkubwa, na ndicho kilichozaa ile tamthilia ya runinga ya miaka ya sabini. Katika toleo la mwanzo, sura ya kwanza iliisifu nchi ile ya Magharibi kwa kuwa haikuwa na watu, Wahindi tu ndio walioishi huko. Ilichukua karibu miaka ishirini mpaka msomaji mmoja akamwandikia mchapishaji, na mwaka 1953 neno "watu" likabadilishwa likawa "walowezi". Mengine yalibaki, pamoja na majirani wa wale walowezi wanaotamka wazi kwamba Mhindi mzuri ni aliyekufa. Jirani yako ana haki ya kuguna.

Usimnyang'anye mtoto kitabu cha shule. Mwekee kingine kando yake, na bahati yako unaishi mji uleule ambako Louise Erdrich ana duka lake la vitabu, Birchbark Books. Ingia uulizie *The Birchbark House*, alichokitoa 1999 na kukichorea picha mwenyewe. Ni mwaka wa msichana wa Kiojibwe wa miaka saba, Omakayas, kuanzia kiangazi cha 1847, kwenye kisiwa cha Ziwa Superior. Nyumba inajengwa kwa magome ya mti. Anachukia kazi ya kukwangua ngozi, inanuka na haiishi, na anatafuta kila sababu ya kutoroka. Ana mdogo wa kiume msumbufu kupindukia, dada mkubwa mzuri ambaye yeye Omakayas anamwonea wivu, na kunguru anayemfuga. Ndui inaingia na majira ya baridi, kwa hiyo sura hizo msome pamoja, asizisome peke yake kitandani. Vipo vingine vinavyoendeleza ukoo huohuo, atakuwa na kazi ya mwaka mzima. Na jirani mkaribishe chai, maswali mengine yatajiuliza yenyewe.

Mzee wa Rafu, nasikia Sherman Alexie ana kashfa, na Thomas King eti si Mhindi. Sasa tumsome nani? (Mkutubi, Nairobi)

Yote mawili ni kweli. Mwaka 2018 wanawake kadhaa walijitokeza kumtuhumu Alexie kwa unyanyasaji wa kingono, naye akatoa taarifa akikubali kwamba amewaumiza watu na kuomba radhi. Chama cha maktaba cha wenyeji wa Amerika kikaifuta tuzo kilichompa 2008. Yeye ndiye aliyeandika mazungumzo ya *Smoke Signals*, kutokana na hadithi zake mwenyewe. Filamu nimeendelea kuitaja kwa sababu ni ya Eyre na ya waigizaji pia, na hawa hawana kosa. Vitabu vyake kwenye maktaba yako viache vilipo, ila kama una pesa ya kitabu kimoja tu mwaka huu, isiende kwake.

King ni shauri tofauti. Mwezi Novemba 2025 aliandika mwenyewe kwenye gazeti la Kanada kwamba uchunguzi wa nasaba haujakuta asili yoyote ya Kicherokee katika ukoo wake, jambo ambalo alilelewa akiliamini. Ana zaidi ya miaka themanini. Riwaya yake haijapungua kichekesho hata kimoja, na alifundisha miaka kadhaa Lethbridge, jirani kabisa na Wablackfoot anaowaandika. Mimi bado naipendekeza, lakini iondoe kwenye rafu ya waandishi wenyeji uiweke kwenye rafu ya Kanada. Vyuo na tuzo zilizokuwa zikimwita azungumze kwa niaba ya wenyeji zingeweza kuwaita wenyeji, na hilo wanaolalamika wanalalamika kwa haki.

Pesa ya kitabu kimoja ipeleke kwa Tommy Orange, *There There*, 2018. Ni wa Cheyenne na Arapaho wa Oklahoma, amekulia Oakland, California, na watu wake ni wa mjini: wanapanda treni, wanatazama YouTube kujifunza ngoma za babu zao, wanauza bangi, wanaandika miradi ya kuomba ruzuku. Katika utangulizi anaieleza ile picha ya kichwa cha Mhindi iliyokuwa ikibaki kwenye runinga za Marekani vipindi vikiisha usiku, imezungukwa na miduara, na jinsi miduara ile inavyofanana na shabaha ya kulengea bunduki. Si kinene, na mwisho wake ni mzito. Usimwazime mtu anayetaka kitabu cha kusomea safarini.